Mkate wa Bia na Dirisha la Juu

Jumamosi, vyombo vya mchana vikiwa vimekwisha kuoshwa, Dada aliteremsha bakuli kubwa la udongo kutoka rafuni, akalifuta kwa kitambaa kikavu, akaanza kuchekecha unga wa ngano. Hakupima kwa kikombe. Alimimina, akatazama, akaongeza kidogo, akatazama tena. Akatia poda ya kuumulia, chumvi ya kubana kwa vidole, na sukari kijiko kilichojaa. Kisha akachukua chupa ya bia aliyokuwa ameiweka dirishani tangu asubuhi ili baridi iitoke.

"Bia baridi huununisha unga," alisema, akaifungua.

Bi Harusi alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, akimtazama. Hakuwa bi harusi tena, ndoa yake ilikuwa imeshakula miaka, lakini jina hilo lilimganda siku aliyoingia katika nyumba ile na hakuna aliyejishughulisha kulibandua. Alikuwa mke wa mdogo wake Dada. Siku za kazi alishona sare katika karakana ya nguo, na mtu anayekula kwa jasho la mikono yake haachi kutazama mikono ya wenzake. Mikono ya wifi yake ilimpendeza kuliko mikono yote aliyopata kuiona.

Dada aliimimina bia taratibu pembeni mwa bakuli. Povu likapanda, likafika ukingoni, likasimama hapohapo. Halikumwagika na halikuwahi kumwagika. Akakoroga kwa mwiko kidogo tu, akaacha hali vidonge vya unga bado vinaonekana. Mtu mwingine angeendelea kukoroga, maana vidonge vinatia aibu. Dada aliinamisha sikio juu ya bakuli, akaisikiliza bia ikichemkachemka ndani ya unga, akaridhika, akaweka mwiko chini.

"Ukiukoroga sana unakuwa soli ya kiatu," alisema. "Hivyo vidonge viache, vitajimaliza vyenyewe."

Mkate wa bia hauhitaji hamira wala kukandwa wala kusubiriwa uumuke. Ni mkate wa mvivu, watu husema, na husema hivyo kwa sababu hawajaula wa Dada. Aliumimina kwenye chombo chake cha bati kilichopakwa mafuta, akaunyunyizia siagi iliyoyeyuka mpaka ukang'aa, akausukuma ndani ya oveni. Muda si muda harufu ikatoka jikoni, ikapita kwenye ukumbi mwembamba, ikafika sebuleni na kufanya kazi yake. Fundi umeme, mume wa Bi Harusi, alizima redio. Bosi, mdogo wao wa mwisho, aliamka kwenye kochi. Aliitwa Bosi kwa kuwa hakuwa na kazi, na mtu asiye na kazi ndiye anayeweza kuwatuma wengine bila kuangalia saa. Mama yao, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha mikono karibu na meza, alijitengeneza kilemba.

Dada aliutoa mkate, akauchoma kijiti katikati, kijiti kikatoka kikavu. Kabla ya kuukata alipiga magoti akawafunga watu kamba vifundoni. Ya buluu ilikuwa ya fundi umeme, nyekundu ya Bosi, kijani ya Bi Harusi, na Mama alikuwa na ya kwake nene ya pamba isiyomuumiza ngozi. Ncha za pili alizifunga kwenye mguu wa meza. Kila mtu alinyoosha mguu bila kuacha mazungumzo yake.

Kisha wakala.

Bosi ndiye aliyeondoka kwanza. Alikuwa mwepesi kuliko wote. Hata kabla hajamaliza kipande chake, makalio yake yaliachana na kochi, akapanda polepole huku akitafuna, mpaka mgongo ukagusa boriti. Fundi umeme alimfuata, akiwa ameshika kikombe chake cha chai kwa uangalifu. Mama alipanda akiwa ameketi vilevile, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye basi. Bi Harusi alipanda mwisho, akiibana sketi yake kati ya magoti.

Mkate ule ulianza kupandisha watu mwaka mlango wa oveni ulipobadilishwa. Kabla ya hapo ulikuwa mkate mtamu tu. Jumamosi ya kwanza fundi umeme aligonga kichwa kwenye taa, na Jumatatu yake akaihamishia taa ukutani. Bosi alipigilia vipande vya godoro chini ya boriti, ikawa ndiyo kazi yake ya mwaka mzima, na bado anaizungumzia. Baada ya hapo hapakuwa na tabu tena. Watu walikaa juu, wakala, wakapiga soga, na kadiri tumbo lilivyosaga ndivyo walivyoteremka. Aliyekuwa na haraka ya kwenda msalani, Dada alimvuta kwa kamba.

Dada mwenyewe hakupanda.

Hilo lilikuwa na maelezo yake. Kwa desturi ya nyumba ile mpishi alikula mwisho, na kilichobaki mwisho ni kisigino cha mkate, kile kipande cha pembeni kilicho ganda tupu. Kisigino hakina upepo, walisema, ndiyo maana hakipandishi. Walilisema jambo hilo kwa upole na hata kwa kumhurumia, na hakuna katika wao aliyefikiria kumpa kipande kingine.

Na kupanda kulikuwa na faida yake. Juu kabisa, chini ya paa, palikuwa na dirisha dogo la kupitisha hewa. Mbele ya nyumba, ng'ambo ya barabara, palikuwa na ukuta wa kiwanda, mrefu, wa kijivu, wenye vipande vya chupa juu yake. Ukuta huo ulijengwa Dada akiwa bado anatambaa. Kwa mtu aliyesimama chini, dunia iliishia pale. Lakini kwenye dirisha la juu mtu aliona upande wa pili, na upande wa pili palikuwa na mto.

"Leo mmeona nini?" Dada aliuliza, kama alivyouliza kila Jumamosi, akiwa ameshika kamba nne mkononi.

"Maji yamejaa," alisema fundi umeme.

"Hayajajaa," alisema Bosi. "Jiwe lile jeupe linaonekana."

"Na daraja?"

"Lipo."

"Rangi gani?"

"Daraja ni daraja, Dada. Nani anaangalia rangi?"

Ngazi walikuwa nayo zamani. Dada aliipanda siku moja ili akauone huo mto, na alipofika kipago cha tatu Mama alimwita. Baadaye Bosi alimwazima rafiki yake ile ngazi, na rafiki akahama nayo mtaa. Ama kuufikia mto kwa miguu, barabara ilizunguka kiwanda chote, mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi, na Mama hakuwa mtu wa kuachwa nusu siku.

Baba yao alipofariki, ndugu walikaa kikao wakagawana mambo. Vijana walipata shule. Dada alipata Mama. Palikuwa na dereva mmoja wa lori aliyekuwa ameleta posa, akaambiwa asubiri vijana wakue kidogo. Alisubiri kadiri mtu anavyoweza kusubiri, halafu akaoa kwingine. Mambo haya yote yalijulikana katika nyumba ile na yalitajwa kwa heshima kubwa. "Dada yetu ni nguzo," fundi umeme alipenda kuwaambia wageni, na machozi yalimlengalenga kila alipolisema.

Jumamosi moja Bi Harusi alikata mkate mwenyewe. Alichukua kipande cha katikati, kinene, laini, ambacho siagi ilikuwa imeteremka ndani yake, akamwekea Dada mkononi.

"Kula hiki, wifi. Kisigino nitakula mimi."

Dada alikula. Bi Harusi alikula kisigino, na kabla hajakimeza chote alikuwa tayari anagusa boriti. Dada alibaki sakafuni, ndala zake zimetulia chini kana kwamba zimepigiliwa misumari. Wote waliokuwa juu waliona.

"Basi ni mwili," alisema Bosi. "Mwili wake haupatani na bia."

"Si mwili," alisema Dada. "Wala si mkate, jamani. Ni mimi nina uzito."

Alikuwa mwembamba kuliko watu wote wa nyumba ile. Kwenye mizani ya zahanati, sindano ilikuwa haijishughulishi naye. Lakini Bi Harusi alilichukua neno lile kama lilivyo, na wiki nzima, akiwa mbele ya cherehani, alilifikiria. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Alijiona naye kwa miaka yote hiyo alikuwa amelitazama kanda lile likipita mbele yake, akilisifu jinsi linavyobebwa.

Jumamosi iliyofuata hakula haraka. Alisubiri Dada aweke kipande cha katikati mdomoni, kisha akamsogelea, akamfungua kiunoni mshipi wa funguo aliouvaa kutwa, za stoo, za kabati la dawa, za lango, akauvaa yeye.

Kisigino cha mguu wa kushoto wa Dada kiliachana na ndala.

Wote wawili walikitazama.

"Kesho nani anamwogesha Mama?" Bi Harusi aliuliza.

"Mimi."

"Nitamwogesha mimi."

Mguu wa kulia nao ukanyanyuka. Ndala zikabaki sakafuni, tupu.

"Nyinyi huko juu!" Bi Harusi aliita. "Nani ataamka usiku Mama akikohoa?"

Fundi umeme alitazama chini. Alimwona dada yake akielea hewani kimo cha kigoda, mkono mmoja ukishika ukingo wa meza kwa kutozoea, na akacheka kwa furaha ya kweli kabisa. "Mimi!" alisema. "Nitaamka mimi." Dada akapanda mpaka kimo cha meza.

"Na nguo za Bosi?"

"Nitafua mwenyewe," alisema Bosi. "Kwani mimi sina mikono?"

Dada akapita kimo cha meza. Bi Harusi aliishika kamba aliyomfunga haraka haraka kifundoni, utepe mweupe uliokatwa kwenye sare, akaiachia polepole. Katika maisha yake hakuwa ameona kitu kizuri kama kile. Nywele za Dada zilikuwa zimeanza mvi kisogoni na haikuwahi kujulikana, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwona akiwa ametulia. Alipanda amenyooka, ameachia mikono. Akafika juu ya kabati.

"Kumbe huku juu kuna vumbi namna hii," alisema.

"Acha vumbi, wifi! Tazama dirishani!"

"Bado sijalifikia. Naona mbingu tu. Ukingo wa chini umenikinga."

"Kidogo tu," alisema fundi umeme, akinyoosha mkono kumpokea. "Shika hapa. Kidogo tu, Dada."

Vidole vyao vilikuwa karibu kugusana pale Mama alipozungumza. Siku ile alikuwa amekula kipande kidogo, alikuwa ameshaanza kuteremka, na alikuwa amefika chini kidogo ya dirisha, kwa hiyo binti yake alimkuta hapo hewani, uso kwa uso. Mama alimpenda binti yake. Hilo halikuwa na shaka. Alimpenda kama mtu anavyoupenda mkono wake wa kulia, na mtu hauulizi mkono wake unataka kwenda wapi.

"Mwanangu," alisema, "wewe nawe uko huku? Sasa chai yangu nani ataniletea?"

"Nitaleta mimi, Mama," Bi Harusi aliita kutoka chini.

"Wewe hujui sukari yangu. Na ile dawa ya macho ni saa hii. Iko wapi?"

Bi Harusi alishika funguo kiunoni. Zilikuwa nyingi. "Iko kwenye kabati," alisema.

"Ile ya asubuhi ndiyo iko kabatini. Ya jioni iko wapi?"

Fundi umeme alimtazama Bosi. Bosi alitazama dirishani.

"Iko nyuma ya kopo la chumvi," alisema Dada, "maana haitaki mwanga."

Na kwa kulijua hilo tu, alianza kuteremka. Hakuanguka. Aliteremka taratibu, akapita juu ya kabati, akapitisha kidole kwenye vumbi, akapita meza, akatua miguu yote miwili ndani ya ndala zake kama mtu aliyezivua kwa muda tu. Akamkanyagia Bi Harusi utepe mweupe kwa bahati mbaya, akamwomba radhi, akaenda kuchukua dawa.

"Tutajaribu tena wiki ijayo," alisema Bi Harusi.

"Haya, wifi," alisema Dada.

Wiki ile Bi Harusi alimwogesha Mama kila jioni akitoka karakanani, miguu ikimwaka moto. Alichemsha maji, akachanganya, Mama akasema ya moto. Akaongeza baridi, Mama akasema anauawa. Fundi umeme aliamka usiku wa kwanza. Usiku wa pili alikohoa Mama na yeye akakoroma, na aliyekwenda, akipapasa ukuta gizani, alikuwa Dada. Bosi alifua shati moja, akalianika barazani mahali ambapo kila mpita njia angeliona, akaona ametimiza.

Jumamosi ikafika. Bi Harusi alikula kipande chake, akasubiri. Akapanda mpaka kimo cha meza, akasimama hapohapo.

Alijisukuma kwa miguu hewani. Haikusaidia. Juu yake mume wake na shemeji yake walikuwa wakizungumza kuhusu mtumbwi mwekundu uliokuwa ukipita mtoni, mtumbwi ambao hawakuwahi kuuona, wenye watu wanaoimba. Aliwasikia wakiimba wimbo wenyewe ili kumwonyesha Dada ulivyo. Bi Harusi aliutaka ule mtumbwi. Aliona haya kwa jinsi alivyoutaka, na haya ile haikupunguza kutaka.

Dada alikuwa chini, kipande cha katikati mdomoni, miguu imepanda kimo cha kiganja tu. Wote wawili walitazamana.

"Mikono ya huyu ni baridi," Mama alisema kutoka juu, bila ubaya. "Aniogeshe mwanangu. Ameshanizoea."

Hapakuwa na mtu aliyemsukuma Bi Harusi. Angeweza kusema, hapana, Mama, utanizoea na mimi. Maneno aliyajua, na yalikuwa mafupi. Alifungua mshipi wa funguo kiunoni akauteremsha kwa wifi yake, akisema kwamba ni kwa wiki hii tu, kazi zimezidi karakanani, si unajua mwisho wa mwezi.

"Najua," alisema Dada, akaupokea.

Bi Harusi akapanda kama povu. Aliuwahi ule mtumbwi ukiwa karibu kupotea machoni. Jumamosi iliyofuata alikula tena kipande cha katikati, kwa kuwa Dada alimkatia yeye na kubaki mwenyewe na kisigino, na Jumamosi nyingine ikawa vilevile. Utepe mweupe ulifungiwa mfuko wa unga ili panya wasiingie. Bosi alieleza kwamba kwa kweli lilikuwa jambo la heri, maana Dada naye angepanda, nani angetushika kamba? Tungekwama huku mpaka usiku. Kila mtu aliona lina mantiki.

Mkate haukupungua utamu. Kama ulibadilika, ulizidi. Ganda lilivunjika chini ya jino, katikati palikuwa laini pana joto, na ile harufu ya bia ilibaki mbali kabisa nyuma ya ulimi, mahali ambapo mtu huitafuta na kutaka kipande kingine. Huko juu waliusifu kwa midomo iliyojaa. Walisifu mkono wake, subira yake, jinsi povu lisivyomwagika. Fundi umeme alisema tena kwamba dada yao ni nguzo, na machozi yakamlengalenga.

"Leo mmeona nini?" Dada aliuliza.

Bi Harusi alikuwa amebana kifua kwenye ukingo wa dirisha. Alikuwa ameamua kwamba angalau hilo atamfanyia. Alimweleza kila kitu. Alimweleza maji yalivyo ya kahawia kando na ya kijani katikati, jiwe jeupe na ndege aliyekaa juu yake akikausha mabawa, mwanamke aliyesimama ukingoni na viatu mkononi. Alimweleza kwamba daraja ni la chuma, limepakwa rangi ya buluu, na kwamba buluu hiyo imebanduka upande ambao watu huegemea wakitazama maji. Alieleza vizuri kuliko walivyowahi kueleza wanaume wale, na alijua kwamba anaeleza vizuri.

Chini, Dada alisimama na kamba nne mkononi, uso ameuinua, macho ameyafumba ili aone. Makombo yalimdondokea kwenye nywele na hakuyapangusa. Aliuliza viatu vya mwanamke yule ni vya namna gani. Akaambiwa. Aliuliza kama atavuka. Bi Harusi akasema ndiyo, ameshaanza kuvuka.

Na wote waliokuwa juu, wakimtazama utosini, walikubaliana kwamba hakuna mtu duniani anayejua kusikiliza kama Dada.